Umepanga kazi kwa at na haikufanyika? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ya watu wanaotumia programu ya at kupanga komandi ifanyike mara moja tu, saa fulani, kwenye Linux, halafu saa inafika, inapita, na hawaoni kitu, au wanaona kitu ila sicho walichokitaka. Niseme mapema kabisa: malalamiko mengi ya "at haifanyi kazi" ukiyachimba unakuta at ilifanya kazi yake vizuri tu, komandi ndiyo ilishindwa, na maelezo ya kushindwa yakaenda mahali ambapo hakuna anayeangalia. Kama una haraka na kazi yako imepotea usiku wa jana, ruka moja kwa moja hadi swali la 11.

## Misingi

1. at ni nini, na kwa nini nisitumie cron tu?

cron ni ya kazi zinazojirudia, kila siku, kila Jumatatu, kila mwisho wa mwezi. at ni ya mara moja: inafanya, inajifuta, basi. Watu wengi wanalazimisha cron kwa kazi ya mara moja, wanaandika dakika, saa, tarehe na mwezi wakidhani imeisha, ila crontab (faili la ratiba za cron) haina sehemu ya mwaka kwa hiyo mwakani tarehe ileile kazi inafyatuka tena na hakuna anayekumbuka aliiweka nani. Kuna seva zimefutiwa mafaili hivyo.

Nyuma ya at kuna huduma inaitwa `atd` inayokaa macho muda wote. Komandi `at` inaandika kazi kwenye foleni, `atq` inaonyesha foleni, `atrm` inafuta, na `atd` ndiyo inayofyatua. Ukishika huu mgawanyo utaelewa karibu kila kosa huko chini, maana kila mmoja ana namna yake ya kugoma.

2. Napangaje kazi, na najuaje imepokelewa?

Njia rahisi ni hii:

```
echo 'wget -c https://example.com/faili.iso' | at 01:00
```

Inakujibu kitu kama `job 7 at` ikifuatiwa na siku, tarehe na saa. Huo mstari usiupite hivihivi, usome, maana ndio unaokuambia at imeelewa nini na sio wewe ulimaanisha nini. Ukiandika `at 01:00` peke yake bila echo itakufungulia sehemu ya kuandika komandi mstari kwa mstari, ukimaliza bonyeza Ctrl na D. Usibonyeze Ctrl na C, hapo umeghairi kila kitu.

Saa unaweza kuisema kwa njia nyingi: `now + 20 minutes`, `now + 2 hours`, `9am tomorrow`, `noon`, `midnight`, na hata `teatime` ambayo ni 16:00, yaani waandishi wake nao walikuwa na chai ya saa kumi.

3. Nikifunga teminali au nikitoka kwenye ssh, kazi inakufa?

Hapana. Kazi iko kwenye faili la foleni, sio kwenye teminali yako, na hata mashine ikizimwa faili linabaki kwenye diski. Hiyo ndiyo tofauti yake na ule ujanja wa `sleep 3600 && komandi &` ambao ukizima mashine umekwisha.

4. Naona "warning: commands will be executed using /bin/sh", nimekosea?

Hujakosea, ni taarifa, inatokea kila mara. Ila usiidharau, ndiyo chanzo cha nusu ya maswali ya sehemu ya nne. Angalia swali la 13.

## at inagoma kupokea kazi

5. "at: command not found"

Haipo kwenye mashine. Disto nyingi za sasa haziji nayo tena. Debian na Ubuntu: `sudo apt install at`. Fedora na ndugu zake: `sudo dnf install at`. Arch: `sudo pacman -S at`. Ukishainstoli soma swali linalofuata kabla hujafurahi.

6. "Can't open /var/run/atd.pid to signal atd. No atd running?"

Kazi imepokelewa na ipo kwenye foleni, ila hakuna wa kuifyatua kwa sababu atd imelala. Iamshe:

```
sudo systemctl enable --now atd
systemctl status atd
```

Hilo neno `enable` ni muhimu, bila hilo itaamka leo ila mashine ikiwashwa upya italala tena. Debian na Ubuntu huwa zinaiwasha zenyewe ukiinstoli, Arch haiwashi, kwingine usibahatishe, angalia tu. Na jihadhari, kazi zilizorundikana wakati atd imelala zitafanyika zote mara tu ukiiamsha, hata za wiki iliyopita, kwa hiyo piga `atq` kwanza uone kuna nini humo.

Ndani ya kontena ya Docker ujumbe huu ni wa kawaida sana. Kontena kwa kawaida haina systemd (mfumo unaowasha huduma za mashine), hakuna atd mpaka uiwashe mwenyewe, na kontena ikifutwa foleni nayo imekwenda. Ushauri wangu: pangia kazi kwenye mashine mama na uiambie ifanye `docker exec`, usihangaike na atd ndani ya kontena.

7. "You do not have permission to use at."

Kuna mafaili mawili ya ruhusa. Kama `/etc/at.allow` lipo, walioandikwa humo tu ndio wanaruhusiwa na lile lingine haliangaliwi kabisa. Kama halipo, linaangaliwa `/etc/at.deny`, aliyeandikwa humo kakataliwa, wengine wote ruksa. Yote mawili yasipokuwepo, root (msimamizi mkuu wa mashine) peke yake.

Hapa kuna mtego wa watu wa PHP: kwenye Debian na Ubuntu `www-data`, yaani mtumiaji wa seva ya wavuti, ameandikwa ndani ya `at.deny` tangu kuinstoli. Kwa hiyo skripti yako ya wavuti inayoita at kwa `shell_exec` inakataliwa kimyakimya huku wewe ukiijaribu kwa jina lako inapita. Unaweza kumtoa humo, ila fikiria mara mbili, maana hapo mtu akidukua tovuti yako naye anapata uwezo wa kupanga kazi za baadaye.

8. "Garbled time", au "refusing to create job destined in the past"

La kwanza maana yake at haijaelewa sentensi yako ya saa. Sababu za kawaida: umetanguliza tarehe kabla ya saa (saa inaanza, tarehe inafuata), umeandika mwezi kwa Kiswahili, yeye anajua Jan, Feb, Mar tu, au umeandika `now + 30 seconds`, sekunde haijui, angalia swali la 10. Juu ya ujumbe huo huwa kuna mstari unaokuonyesha neno la mwisho alilofika, anzia hapo.

La pili ni tarehe iliyokwisha kupita, mara nyingi ni mwaka umekosewa au tarehe imegeuzwa. Ukiandika 03/04/2027 kwa mikwaju anasoma kimarekani, yaani Machi 4. Ukitaka Aprili 3 andika kwa nukta, 03.04.2027, au uwe salama kabisa na 2027-04-03. Mimi natumia hiyo ya mwisho tu, haina ubishi.

## Saa zenyewe

9. Kazi imefanyika, ila sio saa niliyoitaka. Kwa nini?

Kuna sababu tatu hapa na zote nimeshaziona zikimchanganya mtu anayejua kazi yake.

Ya kwanza ni saa za eneo. Seva nyingi za kukodi zinakuja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa. Ukiandika `at 22:00` kwenye seva ya namna hiyo, kwa mtu wa Dar, Nairobi au Kampala itafanyika saa saba usiku, kwa wa Kigali au Lubumbashi saa sita usiku, na kwa aliyeko Muscat saa nane. Piga `date` kwanza uone seva inaishi nchi gani. Unaweza kubadili mashine nzima kwa `sudo timedatectl set-timezone Africa/Nairobi` (au Africa/Dar_es_Salaam, ni ileile), au uiambie at kwa kazi hiyo moja tu:

```
echo '/home/asha/bekapu.sh' | TZ=Africa/Nairobi at 22:00
```

Jambo moja watu hawalijui, ukibadili saa za eneo baada ya kupanga, kazi za zamani hazisogei. Ndani ya jina la faili la foleni kumeandikwa idadi ya dakika tangu mwanzo wa 1970, basi, haijali ukuta wako una saa gani. Kwa hiyo kazi uliyoipanga 22:00 ya UTC itabaki palepale, ila sasa `atq` itakuonyesha 01:00 na utadhani imejibadilisha yenyewe.

Ya pili ni saa yetu ya Kiswahili. Bosi anasema "iwekwe saa nne usiku", wewe mkono unaandika `at 4:00`, na hiyo ni saa kumi alfajiri. Saa nne usiku ni 22:00, saa tatu asubuhi ni 09:00, saa sita usiku ni 00:00 na sio 12:00. Na ukipenda am na pm kumbuka 12am ndiyo usiku wa manane na 12pm ni mchana. Tumia saa 24, uepuke kesi.

Ya tatu: saa ikiwa imeshapita leo, at haikulalamikii, inaipeleka kesho. Ni 22:05, unaandika `at 22:00`, inapokea kwa heshima zote na unasubiri usiku mzima. Ule mstari wa jibu ungekuambia, ndio maana nikasema usomwe.

10. Nimeandika now + 1 minute ikafanyika baada ya sekunde kumi. Na je naweza kupanga kwa sekunde?

at inahesabu dakika nzima. Ukiwa kwenye 10:30:50, "dakika moja baadaye" kwake ni 10:31, yaani sekunde kumi. Sekunde hazipo kwenye foleni, kama unazihitaji weka `sleep 30` mwanzoni mwa kazi yenyewe, au tumia systemd-run ya swali la 23.

## Saa imepita na sioni kitu

11. Nianzie wapi kutafuta?

Anza na `atq`. Swali ni moja tu: kazi bado iko kwenye foleni au imetoka?

Bado ipo na saa imepita: tatizo liko kwa atd. Imelala (swali la 6), laptopu ilisinzia (swali la 20), au ni kazi ya batch (swali la 21). Imetoka: atd iliichukua, sasa tatizo liko ndani ya komandi zako, nenda swali la 12 na 13. Ukiona alama ya `=` pale ambapo huwa kuna herufi ya foleni, inafanyika sasa hivi, subiri.

Na hakikisha wewe ni mtu yuleyule. `atq` ya kawaida inaonyesha za kwako tu, kama ulipanga kwa sudo ni kazi ya root na utaiona kwa `sudo atq`. Watu wanapanga kwa sudo, wanaangalia bila sudo, wanakuta patupu, wanasema imepotea. Baada ya hapo pitia `journalctl -u atd --since today`, akaunti iliyokwisha muda wake au iliyokataliwa na PAM (mfumo wa Linux wa kuhakiki watumiaji) inaonekana hapo.

12. Majibu ya komandi yameenda wapi?

Kwenye imeili. Sio imeili ya simu yako, ni ile imeili ya zamani ya ndani ya mashine, `/var/mail/jina_lako`. at ilizaliwa zama ambazo kila mashine ya Unix ilikuwa na posta yake, na siku hizi mashine nyingi hazina hata `sendmail`, kwa hiyo atd inajaribu kutuma, haimpati mtumaji, na majibu yote pamoja na makosa yanapotea. Hapa ndipo ukweli unapozikwa.

Dawa sio kuinstoli seva ya imeili. Weka mstari huu wa kwanza kwenye kila kazi unayoipanga:

```
at 01:00 <<'MWISHO'
exec >> "$HOME/at-logi.txt" 2>&1
set -x
date
/home/asha/bekapu.sh
MWISHO
```

Mstari wa `exec` unaelekeza kila kitu kwenye faili, na `set -x` inaandika kila komandi kabla ya kuifanya. Kesho asubuhi unafungua faili unasoma kilichotokea, badala ya kukisia. Usiporidhika na kitu kingine chochote kwenye ukurasa huu, chukua hiki.

13. Kwa mkono inafanya vizuri, kwa at haifanyi. Kuna nini?

Mazingira hayafanani. Tofauti na cron, at inajitahidi: inabeba folda uliyokuwepo, vigezo vyako vya mazingira na umask (ruhusa za mwanzo za mafaili mapya) kama vilivyokuwa ulipopanga. Kwa hiyo PATH yako (orodha ya folda zinakotafutwa komandi) huwa inakuja. Lakini kuna vinavyoachwa, na hivyo ndivyo vinavyouma.

Shell kwanza, yaani programu inayosoma komandi zako. Kazi inasomwa na `/bin/sh`, na kwenye Debian na Ubuntu hiyo ni dash, sio bash. Ukiandika `[[ ... ]]`, `source`, au array, dash haivijui na utakuta kwenye logi `[[: not found` au `source: not found`. Ama andika kwa lugha ya sh ya kawaida (`.` badala ya `source`), ama weka kila kitu kwenye skripti yenye `#!/bin/bash` na uiite kwa jina. Alias zako za `.bashrc` nazo sahau, hazipo.

Pili, DISPLAY na TERM zinaachwa makusudi. Programu yoyote inayotaka kufungua dirisha itakwama, angalia swali la 18. Tatu, LD_LIBRARY_PATH na LD_PRELOAD zinakatwa kwa sababu za usalama, maana at yenyewe ni programu ya setuid (inafanya kazi kwa mamlaka ya mwenye faili, sio yako), kwa hiyo kama programu yako inategemea maktaba iliyo kwenye folda ya pembeni, weka export hiyo ndani ya kazi yenyewe.

Ukitaka kuona kazi yako imehifadhiwa vipi piga `at -c 7`, hapo 7 ni namba ya kazi. Itakumwagia vigezo vyote, halafu folda, halafu chini kabisa komandi zako. Ni ndefu, ila haidanganyi.

14. Nimetumia at -f skripti.sh na ina #!/bin/bash, bado inasema [[ haipo

Kwa sababu `-f` haiiti skripti yako, inanakili maandishi yake kwenye foleni na kuyasomesha `/bin/sh`. Ule mstari wa `#!` kwake ni maoni tu. Na kuna jingine linalofuata hapo, ukiihariri skripti baada ya kupanga, mabadiliko hayaingii, nakala ilishachukuliwa.

Ukifanya hivi ni tofauti: `echo /home/asha/skripti.sh | at 01:00`. Hapa foleni imeshika njia tu ya faili, skripti inasomwa saa ikifika, `#!` inaheshimiwa, na mabadiliko ya dakika ya mwisho yanaingia. Ila lazima uwe umefanya `chmod +x`.

15. Tarehe ndani ya jina la faili imekuwa ya wakati nilipopanga, sio wakati wa kufanyika

Umetumia nukuu mbili. `echo "tar czf bekapu-$(date +%F).tgz data" | at midnight` inapiga hesabu ya `$(date)` hapohapo kwenye teminali yako kabla at haijaona kitu. Tumia nukuu moja, au heredoc yenye `'MWISHO'` kama ya swali la 12, zile nukuu pembeni ya MWISHO sio pambo.

16. Komandi yangu inahitaji sudo

Ndani ya at hakuna teminali, kwa hiyo sudo haina pa kukuuliza paswedi, itaandika `a terminal is required to read the password` na kuondoka. Panga kazi nzima ukiwa root: `echo 'systemctl restart nginx' | sudo at 03:00`. Hapo angalia PATH na HOME, zinaweza kuwa za root na sio zako, andika njia kamili za mafaili.

17. Nimeweka exec kwenye mstari wa kwanza kama ulivyosema na bado hakuna logi yoyote

Hii ni adimu kidogo na inatesa. Kabla ya mstari wako wa kwanza, at inaweka `cd` ya kurudi kwenye folda uliyokuwepo ulipopanga. Folda hiyo ikiwa haipo tena, mfano ulikuwa ndani ya fleshi uliyoichomoa, au folda ya muda iliyofutwa, kazi inasema `Execution directory inaccessible` na kuishia hapo. Ujumbe huo unaenda kwenye ile imeili isiyokuwepo. Piga `cd /` au `cd ~` kabla ya kupanga, imekwisha.

18. Nataka initokezee ukumbusho kwenye skrini, notify-send haileti kitu

Ongeza hivi ndani ya kazi:

```
export DISPLAY=:0
export DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/$(id -u)/bus
notify-send "Mkutano" "Dakika kumi zimebaki"
```

Namba ya DISPLAY hakikisha kwa `echo $DISPLAY` kwenye teminali yako, sio lazima iwe `:0`. Na lazima uwe umeingia kwenye desktopu saa hiyo.

## Umeme, laptopu na mambo ya pembeni

19. Umeme ulikatika saa ya kazi. Imepotea?

Haijapotea, na hapo ndipo penye hatari. atd ikiwaka inafyatua kazi zote ambazo muda wake umepita. Ulipanga kushusha faili kwa bando la usiku saa saba, umeme ukakatika, umerudi saa mbili asubuhi, mashine inawaka na kuanza kula bando la mchana. Au mbaya zaidi, kazi ya kuzima huduma kwa matengenezo ya usiku inafanyika wateja wakiwa ndani.

Weka ulinzi ndani ya kazi:

```
[ "$(date +%H)" -lt 5 ] || exit 0
```

Yaani kama sio kabla ya saa kumi na moja alfajiri, acha. Kwa kazi za kufuta au kuzima kitu mimi naona huu mstari ni lazima, hasa kwa sisi ambao umeme una ratiba zake.

Raspberry Pi za kabla ya Pi 5 zina lao, hazina saa ya ndani, zikiwaka zinaanza na saa ya zamani mpaka zipate intaneti. Usipange kwa `now +` kwenye sekunde hizo za mwanzo, saa ikirekebishwa kazi yako itajikuta imeshapitwa na itafyatuka mapema.

20. Laptopu ilikuwa imesinzia

at haiamshi mashine. Ukifungua laptopu kazi itafanyika, ila inaweza kuchelewa tena, maana atd ilikuwa imejiwekea muda wa kusubiri na huo muda hauhesabiwi laptopu ikiwa usingizini. Ukiona imegoma kuamka nayo, `sudo systemctl restart atd`, au panga kazi yoyote mpya, hiyo yenyewe inaigutua atd iangalie foleni. Ukitaka laptopu iamke yenyewe kuna `sudo rtcwake -m mem -s 14400`, inalala sasa hivi na kuamka baada ya muda wa saa nne.

21. Nimetumia batch na kazi iko kwenye foleni tangu jana

`batch` inasubiri mzigo wa mashine ushuke: chini ya 1.5 kwenye Debian, 0.8 kwenye Fedora na Red Hat. Hizo namba ni za enzi za prosesa moja. Seva yenye kori 8 ikiwa na mzigo wa 3 imepumzika kabisa, ila kwa batch imezidiwa, itasubiri milele. Angalia mzigo kwa `uptime`, kisha pandisha kikomo kwa kuiongezea atd `-l` na namba kubwa kuliko idadi ya kori ukitoa moja, kwa kori 8 weka `-l 8`. Fedora inawekwa kwenye OPTS ndani ya `/etc/sysconfig/atd`, Debian unabadili ExecStart kwa `sudo systemctl edit atd`.

22. Komandi za mwanzo zinafanyika, za mwisho zinarukwa, na hakuna kosa

Tafuta kama katikati kuna `ssh`, `ffmpeg` au `read`. Shell ya at inasoma kazi yako kupitia ingizo lake la kawaida, na hizo programu nazo zinasoma ingizo hilohilo, kwa hiyo zinaweza kumeza mistari iliyobaki wakidhani ni chakula chao. Wakati mwingine zinameza, wakati mwingine hapana, ndio maana inachanganya. Andika `ssh -n`, `ffmpeg -nostdin`, au weka `</dev/null` mwishoni mwa komandi.

Na kama ni ssh yenyewe inayosema `Permission denied (publickey)` wakati mchana ilikubali, ni kwamba ulikuwa na ssh-agent (programu inayokushikia funguo za ssh), ukalogout ikafa. Tumia ufunguo wa pekee kwa kazi hiyo usio na paswedi, wenye ruhusa finyu upande wa pili.

23. Naweza kuhariri kazi iliyopangwa, au kuisimamisha ikiwa imeanza? Na lini niachane na at?

Kuhariri hakuna. `at -c 7 > kazi.txt`, chukua komandi za chini, rekebisha, panga upya, halafu `atrm 7`. Ikiwa imeshaanza `atrm` haiui kitu, itafute kwa `ps` uiue kwa `kill`.

Ukitaka sekunde kamili, au unataka majibu yakae kwenye journal (logi ya systemd) bila ujanja wa swali la 12, tumia systemd:

```
systemd-run --user --on-active=30s --timer-property=AccuracySec=100ms /home/asha/kazi.sh
```

Bila ule AccuracySec inaweza kuchelewa hadi dakika nzima, ndivyo ilivyopangwa. Utaiona kwenye `systemctl --user list-timers`. Kasoro zake: mashine ikiwashwa upya imefutika, na ukilogout nayo inaondoka mpaka upige `loginctl enable-linger`. Kwa kuzima mashine tu huhitaji chochote kati ya hivi, `sudo shutdown 23:30` inatosha na `sudo shutdown -c` inaghairi.

24. Kuna hatari ya siri zangu kuvuja?

Ipo. Nimesema at inabeba karibu vigezo vyako vyote vya mazingira, sasa kama uliweka paswedi ya database au tokeni kwa `export`, imeandikwa wazi ndani ya faili la foleni (`/var/spool/cron/atjobs` kwenye Debian, `/var/spool/at` kwenye Fedora), na linakaa humo mpaka kazi ifanyike, hata kama ni miezi mitatu. Watumiaji wengine wa kawaida hawalisomi, ila root analisoma, na bekapu ya seva inalibeba. Panga kutoka kwenye shell safi:

```
echo '/home/asha/bekapu.sh' | env -i HOME="$HOME" PATH="$PATH" LOGNAME="$LOGNAME" at 01:00
```

Skripti isome siri yenyewe kutoka kwenye faili lenye `chmod 600`. Na kabla hujabandika matokeo ya `at -c` kwenye kundi la WhatsApp kuomba msaada, yasome kwanza kutoka juu hadi chini.